Riwaya ya Vijana Niliyoihukumu Kabla ya Kuisoma

Ni desturi ya majarida ya uhakiki kwamba mtu anapokizungumzia kitabu huwa amekisoma, na anapokitolea hukumu huwa amekisoma zaidi ya mara moja. Sina budi kuanza makala haya kwa kukiri kwamba mimi niliivunja desturi hiyo, tena nikiwa nimekalia kiti ambacho kilinipa mamlaka ya kuivunja bila ya kuulizwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika jopo lililosikiliza mapendekezo ya tasnifu za uzamili. Mmoja wa watahiniwa, mwanafunzi wa kike ambaye sitamtaja jina, alitaka kuchunguza riwaya za kihistoria zinazoandikwa kwa ajili ya vijana, hasa zile zinazosuka pamoja mapenzi na fumbo. Hoja yake, kwa kadiri ninavyoikumbuka sasa, ilikuwa kwamba mchanganyiko huo si pambo la kumvutia kijana asiyependa kusoma, bali ni njia mahususi ya kuijua historia. Kigezo chake cha ulinganishi kilikuwa The Ruby in the Smoke, riwaya ya Mwingereza Philip Pullman iliyochapishwa mwaka 1985. Alikuja na nakala yake mwenyewe, kuukuu, ambayo uti wake ulikuwa umeshikizwa kwa gundi ya utepe, akaniwekea mezani nikaipekue wakati akizungumza.

Sikuipekua. Niliutazama mchoro wa jalada: msichana, ukungu, jina la kito. Kisha nikauliza swali moja tu: je, hii si riwaya pendwa? Katika idara zetu swali hilo halihitaji jibu. Tumeyarithi maneno mawili, riwaya pendwa na riwaya dhati, na tumeyatumia kwa muda mrefu kama vile mlinzi wa lango atumiavyo orodha ya majina. Wenzangu walitabasamu. Mtahiniwa alishauriwa akatafute mada yenye uzito, na hakurudi. Nilisikia baadaye kwamba amekwenda kufundisha shule ya sekondari. Nakala yake ilibaki ofisini kwangu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuirudisha.

Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2024 ulinikuta sina la kufanya. Nilikwenda ofisini kuchukua karatasi zangu nikaiona, nikaichukua pia. Nilianza kuisoma jioni, na sikuiweka chini mpaka adhana ya alfajiri.

Mhusika mkuu ni Sally Lockhart, msichana wa miaka kumi na sita. Tunamkuta Oktoba 1872 akiingia katika ofisi za kampuni ya meli ya marehemu baba yake mjini London. Kapteni Lockhart amezama pamoja na jahazi lake katika Bahari ya China Kusini, na Sally amepokea kutoka Singapore barua fupi yenye tahajia mbovu inayomwonya ajihadhari na kitu kiitwacho Baraka Saba. Msimulizi anatuarifu mapema kabisa kwamba msichana huyu, katika muda wa robo saa, ataua mtu. Naye anamuua kweli, bila ya kukusudia: anamuuliza katibu wa kampuni kama aliwahi kuyasikia maneno hayo mawili, na mzee wa watu anaanguka akafa kwa mshtuko wa moyo.

Nikiri kwamba nilipofika hapo niliona haya kidogo. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba taharuki ni mbinu ya kumshika msomaji mkono. Hapa taharuki ilikuwa inafanya kazi nyingine. Msichana anatamka maneno asiyoyaelewa, na maneno hayo yanaua. Kuna jambo limefanyika mahali fulani, mbali, kabla yake. Watu wazima wanalijua na wanaliogopa. Yeye peke yake, ambaye linamhusu kuliko wote, ndiye asiyelijua. Sijui kama kuna namna bora zaidi ya kumweleza kijana hali yake mbele ya historia. Huzaliwa akakuta kesi imeshaanza na mashahidi wamekwisha kuonana.

Pembezoni mwa ukurasa wa sura mojawapo ya katikati, mwanafunzi yule alikuwa ameandika kwa penseli neno moja: kasumba. Nilidhani ni tafsiri tu, maana moshi unaotajwa katika jina la riwaya, pamoja na kuwa moshi wa jiji la London, ni moshi wa afyuni. Lakini alikuwa ameupigia neno hilo mstari mara mbili, na nilipoendelea kusoma nilielewa kwa nini. Katika lugha yetu kasumba ilikuwa kwanza ni kitu cha kutafunwa na kuvutwa, bidhaa iliyotoka Bara Hindi. Siku hizi tukisema kasumba tunakusudia ulevi wa fikra, na mara nyingi tunaongeza kivumishi: kasumba ya kikoloni. Maana zote mbili zimo ndani ya riwaya hii. Pullman anamweleza msomaji wake mchanga, bila ya kumhubiria, kwamba biashara iliyokuwa ikiwaozesha watu katika vichochoro vya Limehouse na Wapping haikuwa ya majambazi peke yao. Serikali ya Uingereza nchini India ilihodhi kilimo na uuzaji wa afyuni ya Bengal, ikaiuza kwa mnada Calcutta, ikavuna mapato yake, na vita viwili vilipiganwa na China, vya 1839 hadi 1842 na vya 1856 hadi 1860, ambavyo matokeo yake yalikuwa kuifungulia bidhaa hiyo mlango. Kijana anayesoma akitafuta muuaji anafuata nyayo za muuaji, na nyayo zinamfikisha kwenye hazina ya dola.

Wahakiki waliolelewa na Lukács, na mimi nikiwa mmojawao, tumezoea kuipima riwaya ya kihistoria kwa mizani aliyoitengeneza kutokana na Walter Scott: shujaa wa wastani aliyebanwa kati ya nguvu mbili zinazopingana, ambaye kupitia kwake tunaona jinsi wakati mmoja unavyouzaa mwingine. Mizani hiyo ni nzuri. Lakini shujaa wa Scott, tangu Waverley ya 1814, husafiri ndani ya tukio. Yumo vitani, anayaona mapambano kwa macho yake. Sally hakuwamo. Tukio linalomtesa ni mazingirwa ya Lucknow ya mwaka 1857, wakati wa uasi wa askari wa Kihindi dhidi ya Waingereza, naye wakati huo alikuwa mtoto mchanga. Kilichobaki kwake ni jinamizi linalomrudia usiku tangu utotoni: joto, giza, sauti za wanaume wawili asiowatambua. Ili kulijua anafanya jambo ambalo hakuna mwalimu wa shule angelipendekeza: anakwenda katika pango la wavuta afyuni na kwa hiari yake anauvuta moshi, maana amegundua kwamba moshi huo humrudisha ndani ya ndoto yake. Hii ndiyo sura iliyokuwa na neno la penseli.

Siri yenyewe ndiyo iliyonifanya nisilale. Baba aliyemlea, aliyemfunza kulenga bastola, kuweka hesabu na kufikiri kama mwanajeshi badala ya kumfunza darizi na Kifaransa, hakuwa baba yake. Baba yake mzazi ni Meja Marchbanks, ambaye huko Lucknow alikuwa mtumwa wa afyuni na mwenye madeni. Kapteni Lockhart alikuwa na rubi iliyotoka kwa maharaja. Marchbanks aliitamani kuliko kitu chochote. Wakabadilishana. Huyu akachukua kito, yule akachukua mtoto.

Niliisoma sehemu hiyo mara tatu. Nilikuwa nimeitarajia siri ya urithi, ambayo ni mali ya kawaida ya hadithi za aina hii. Hii ilikuwa hati ya mauziano ya mtoto. Na ajabu yake ni kwamba aliyemnunua ndiye mwema. Sally alipendwa na mnunuzi wake kuliko mzazi wake alivyompenda, na upendo huo haufuti hata kidogo ukweli kwamba alikuwa na bei. Mwandishi anaiacha hali hiyo kama ilivyo. Hatupi faraja ya kuchukia wala ya kusamehe. Nimesoma riwaya dhati nyingi ambazo zisingethubutu kumwachia msomaji mtu mzima utata wa namna hiyo, sembuse kijana wa miaka kumi na minne.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipoacha London yakarudi pwani, na sidhani kwamba niliyalazimisha. Mwaka ule ule wa 1872, mwezi Aprili, kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu. Mwishoni mwa mwaka ule ule, majuma machache tu baada ya Sally wa kubuni kuingia katika ofisi ile, Bartle Frere wa kweli aliondoka Uingereza kuja Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, baada ya tishio la manowari. Frere huyu alikuwa mtu wa India. Mwaka 1857, wakati Lucknow inazingirwa, yeye alikuwa kamishna wa Sindh. Jina lake limebaki Frere Town, kando ya Mombasa, makazi ya watumwa walioachwa huru, na ni kutokana na jamii hiyo kwamba James Mbotela alituandikia Uhuru wa Watumwa, iliyotoka mwaka 1934. Watoto waliobadilishwa kwa vitambaa na shanga, kisha wakapata walezi wapya waliowapenda kwa masharti yao wenyewe: hayo si mageni kwetu. Mbotela aliwashukuru walezi. Haikuwa rahisi kwake, kwa mahali alipoandikia na kwa watu waliomchapisha, kuuliza zaidi. Lakini sisi tunaokifundisha kitabu chake tumemaliza miaka mingi tukijadili kama ni riwaya au si riwaya, na nadra tumeuliza mtoto wa mtumwa yule aliota nini usiku.

Nilipolitazama tena pendekezo la mwanafunzi wangu, ambalo nililikuta limekunjwa ndani ya kitabu, niliona kwamba aliuliza swali hilo hasa, katika ukurasa wa pili. Mimi sikuwa nimefika ukurasa wa pili.

Sipendi makala haya yageuke kuwa sifa tupu, maana hiyo nayo ni namna ya kutosoma. Riwaya ina dosari, na moja ni kubwa. Pullman anajua kwamba mwenye hatia ni dola, na anasema hivyo. Lakini hatia ya dola haina uso, na riwaya ya fumbo inadai uso. Basi uso unaotolewa mwishoni, wa mtu wa mwisho kabisa nyuma ya Baraka Saba, ni wa Ah Ling, chotara wa Kidachi na Kichina, na pembeni yake yuko Bibi Holland, kikongwe wa bandarini mwenye meno ya bandia na moyo wa chuma. Mshirika wa Kiingereza katika uovu huo, Selby, ni mtu dhaifu wa kuonewa huruma. Msomaji aliyesoma Edward Said hawezi kupita hapo kimyakimya. Hesabu zinaonyesha faida ilikwenda London. Hadithi inaonyesha tishio lilitoka Mashariki. Sidhani mwandishi alikusudia, na nadhani alinaswa na kanuni za utanzu aliouchagua. Lakini mwanafunzi wangu angekuwa na sura nzima ya tasnifu hapo, na sura nzuri.

Kuhusu mapenzi sina mengi, kwa sababu mwandishi mwenyewe ni mchoyo wa maneno anapoyafikia. Sally anakutana na Frederick Garland, mpiga picha mwenye kipaji na asiyejua kabisa kuweka vitabu vya hesabu. Anaingia katika duka lake, anatazama daftari zake, na badala ya kumwambia kwamba anampenda anamwonyesha fedha zake zinavujia wapi. Ndiyo tongozo pekee la aina hiyo ninalolikumbuka katika fasihi yoyote, nami nimelisadiki kuliko mbalamwezi nyingi. Wanabishana kwa usawa. Katika sehemu ya pili ya mfululizo, The Shadow in the North, Frederick anakufa motoni, na vijana wengi waliosoma wakitarajia harusi bila shaka walikitupa kitabu ukutani. Nilichokiona ni kwamba mapenzi hapa hayakuwekwa ili kulegeza fumbo. Msichana aliyegundua kwamba aliwahi kuwa na bei anajifunza kukaa na mtu bila ya kupima nani anamdai nani. Hilo lisingewezekana bila ya daftari za hesabu.

Yuko pia Jim Taylor, tarishi wa ofisi, kijana mdogo mwenye ulimi mchafu na mfuko uliojaa vijitabu vya hadithi za vitisho vilivyouzwa kwa peni moja. Yeye ndiye riwaya pendwa imekuja na miguu miwili. Wakubwa wanamdharau kwa anayoyasoma. Lakini kwa kuwa amesoma mamia ya hadithi za hila na maficho, anajua kuzisoma ishara ambazo wenye elimu wanazipita. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Pullman aliwahi kuwa mwalimu wa shule huko Oxford, na kazi hii ilianza kama mchezo wa kuigizwa na wanafunzi wake. Alijua aliokuwa anawaandikia wanasoma nini chini ya dawati.

Na sisi, je? Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la hadithi la miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa na kiko chake wakaingia katika vichwa vya vizazi vya vijana waliokisoma si kwa mtihani bali kwa shauku. Tukamwita mwigaji wa Conan Doyle, tukafunga faili. Lakini litazame jina lenyewe: fumbo la mauaji limewekwa katika mzimu wa wahenga, yaani mahali ambapo walio hai huwapelekea wafu maswali. Miaka mingi baadaye Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute ya 1999, alimchukua Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mwanamume wa kumzaa, akampitisha katika mapenzi, upelelezi na siasa za siri za Zanzibar ya wakoloni. Nimekifundisha kitabu hicho kwa miaka mingi kama riwaya ya ukombozi. Wanafunzi wangu walikuwa wakitaka kujua kama Denge atakamatwa, na kama Yasmin atabaki naye. Nilikuwa nawaambia kwamba hayo ni ya juujuu, tuingie ndani. Sasa nashuku kwamba wao walikuwa ndani, nami nilikuwa mlangoni na orodha yangu.

Nilimtafuta mwanafunzi wangu kwa njia ya simu mwezi Desemba wa mwaka ule. Haikuwa vigumu kumpata. Haya tu ndiyo yaliyonichelewesha. Alisema, "Shikamoo, Daktari," kwa sauti ile ile ya zamani, kana kwamba tuliagana jana. Nilimwambia kwamba ninacho kitabu chake, na kwamba nimekisoma, na kwamba lile swali langu la siku ile lilikuwa swali la mtu asiyesoma. Alinyamaza kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, au kwa msamaha ambao ungeniuma zaidi. Badala yake aliuliza kama nimeyaona maandishi yake ya penseli, na kama nilifika mahali pa Lucknow. Nikamweleza nadharia yangu ya mtoto mwenye bei, kwa kirefu, kama ninavyowaeleza ninyi hapa. Nadhani nilitaka anisifu.

Alisema kwamba alipata nakala nyingine, na kwamba kwa muhula mzima alikuwa akikisimulia kwa Kidato cha Pili kila Ijumaa baada ya masomo, akikitafsiri papo hapo. Walipofika mahali pa mabadilishano, wavulana walitaka kujua rubi ilikuwa na thamani gani kwa shilingi. Lakini msichana mmoja wa kiti cha nyuma, asiyesema sana, aliinua mkono akauliza: na mama yake alikuwa wapi siku hiyo, naye aliulizwa?

Mwalimu wake hakuwa na jibu. Aliniuliza mimi. Nikiwa na kitabu wazi mkononi, nilianza kugeuza kurasa. Mama tunayempata humo ni wa kusimuliwa tu, katika maneno ya wanaume wawili waliobadilishana. Nilimwambia nipe muda nikisome tena. Akasema hana haraka, ila shule zitafunguliwa Januari, na yule msichana atauliza.